Shahidi Aliyetafutiwa Mashahidi

Watu wote walimwita Fundi Koki, hata wale waliojua jina lake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiingia katika nyumba za watu kwa mlango wa jikoni, na mfuko wa spana begani, kutengeneza kilichovuja na kuzibua kilichoziba. Alikuwa mwembamba, magoti yake yameota sugu kwa kutambaa chini ya masinki, na alikuwa na mdomo mwepesi kupita kiasi. Mikono yake ilikuwa na subira ambayo ulimi wake haukuwahi kuipata. Aliweza kukaa saa nzima akiibembeleza nati iliyoshika kutu bila kuikata, huku akimgombeza kwa sauti fundi asiyemjua aliyeikaza miaka kumi iliyopita.

Nyuma ya mlango wa chumba alichokodi kuwekea vifaa kulikuwa na ubao wenye misumari kumi na minne, na kwenye kila msumari zilining'inia funguo za nyumba ya mtu. Wateja wake walikwenda kazini na kumwachia nyumba nzima. Hakuwahi kuliona hilo kuwa jambo la kujivunia. Aliliona ni la kawaida, kama vile maji kuteremka chini.

Mwaka mmoja kabla ya kesi iliyomfikisha kwa Kadhi, aliitwa kwa mwalimu mstaafu aliyeishi nyumba ya kona, mjane asiye na mtoto. Bibi huyo alikuwa akifundisha wanawake Kurani na kusoma na kuandika katika chumba chake cha mbele, chumba chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Choo kidogo kilichoungana na chumba hicho kilikuwa hakitoi maji, na wanafunzi wake walikuwa wakizunguka mpaka uani kutawadha. Fundi Koki akaitwa kuweka bomba jipya. Siku hiyohiyo, kwa bahati mbaya kama alivyoona yeye, akaitwa pia fundi mpaka rangi kukipaka chumba hicho.

Huyo mpaka rangi, Fundi Koki alimfahamu kwa miaka mitano na hakumpenda. Ilikuwa inasemwa kwamba anaongeza maji kwenye rangi ili kopo moja lifanye kazi ya makopo mawili. Fundi Koki alilisikia neno hilo kwa fundi wa vigae, naye akalipokea na kulisambaza bila kulipima. Kwa watu wengine wote alikuwa mkali wa kukata umbea. "Mwislamu mwenzako mdhanie heri," angesema, na mtu akanyamaza. Kwa mpaka rangi, heri ilimwishia njiani.

Siku ya pili ya kazi, saa nne asubuhi, bibi alitoka jikoni akasimama katikati ya chumba cha mbele, ukuta mmoja mweupe na mitatu bado michafu.

"Wanangu, simamisheni kazi kidogo," alisema. "Nyinyi nyote wawili ni Waislamu na ni watu wazima. Shuhudieni kwamba chumba hiki, na choo hicho, nimeviweka wakfu kwa darasa la wanawake, kuanzia sasa. Haviuzwi wala havirithiwi. Msimamizi wake ni yule mwanafunzi wangu mshonaji. Mmesikia?"

"Tumesikia, Bibi," alisema mpaka rangi kutoka juu ya ngazi.

"Tumesikia," alisema Fundi Koki kutoka chooni, kisha akatoka ili aonekane, maana aliona si adabu kushuhudia wakfu ukiwa umejiinamia bombani. "Lakini Bibi, maneno kama haya huandikwa."

"Nitaandika. Wiki ijayo nitamwita mtu."

Hakumwita. Alikuwa mzima wa afya, wiki moja ikavuta nyingine, na miezi mitano baadaye alifariki kwa maradhi ya siku tatu.

Mrithi wake alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, muuza vipuri vya magari, mtu wa heshima zake, aliyekuwa akimjua shangazi yake kwa kumwamkia mara moja kwa mwaka. Alipokuja kuiangalia nyumba akakuta wanawake kumi na mmoja wamekaa chumba cha mbele na vitabu vyao. Aliwaomba kwa upole wahame. Mshonaji akamwambia chumba ni wakfu. Akauliza hati iko wapi. Mshonaji akamwambia hakuna hati, ila kuna mashahidi wawili. Basi wakafika kwa Kadhi.

Fundi Koki alikwenda siku hiyo amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akiamini kazi itakuwa ya dakika kumi. Ofisi ya Kadhi ilikuwa na madawati mawili, feni moja na makabati ya chuma yaliyojaa majalada. Alieleza alichokiona na kusikia, bila kuongeza wala kupunguza, hata rangi ya kanga aliyojifunga bibi. Mpaka rangi akaeleza vilevile. Kadhi, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa waya sikioni, akamgeukia muuza vipuri.

"Una la kusema juu ya mashahidi hawa?"

"Ninalo, Mheshimiwa. Siwaiti waongo, Mungu aniepushe. Ila simjui huyu wala yule. Ni mafundi waliopita nyumbani kwa shangazi. Mimi naambiwa nipoteze robo ya nyumba kwa neno la watu wawili nisiowajua."

"Mimi ni Mwislamu!" Fundi Koki aliropoka. "Naye ni Mwislamu. Unataka nini zaidi?"

Kadhi aliinua mkono. Hakukasirika. Alieleza kama mtu aliyekwisha kueleza jambo hilohilo mara mia na bado analiheshimu. Wanazuoni wa zamani, alisema, walitofautiana hapa. Wako waliosema asili ya Mwislamu ni uadilifu: ukiuona Uislamu wake na hujaona baya, ushahidi wake unapokelewa, na anayedai kasoro ndiye aidhihirishe. Wako waliosema hapana, uadilifu ni sifa iliyo juu ya Uislamu, haithibiti kwa mtu mpaka ijulikane, na asiyejulikana abaki hivyo mpaka aulizwe. Na wako walioshika katikati, kwamba shahidi aachwe na heri yake mpaka mwenye kesi ampinge. Akipingwa, hakimu lazima aulize.

"Mimi hufuata hilo la katikati," alimalizia. "Na mmepingwa. Kila mmoja wenu alete watu wawili wa kumtolea tazkiya, yaani watakaoshuhudia kwamba yeye mwenyewe ni mtu mwadilifu."

"Sheikh," alisema Fundi Koki, na mpaka rangi akamvuta kanzu kwa nyuma bila mafanikio. "Akija mtu hapa akasema mimi ni mwizi, utamwambia alete ushahidi. Lakini akisema hanijui tu, mimi ndiye ninayeambiwa nilete. Kwa hiyo kutojulikana ni kosa kubwa kuliko wizi?"

Karani aliacha kuandika. Kadhi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Swali zuri," alisema. "Jumatatu ijayo, saa tatu."

Lakini kabla ya kutoka ilibidi apite kwa karani kujaza fomu. Karani alikuwa kijana mnyoofu, mwenye kofia nyeupe isiyo na hata kunyanzi, aliyependa karatasi kuliko watu. Akatoa karatasi iliyopigwa chapa zamani hata herufi zimefifia.

"Je, shahidi hutembea barabarani kichwa wazi?"

"Nikiingiza kichwa chini ya sinki nivae nini, kilemba?"

Karani aliandika. "Je, shahidi ni mwingi wa mzaha?"

"Mimi sijafanya mzaha tangu asubuhi."

"Je, shahidi hula njiani au sokoni mbele za watu?"

Fundi Koki alivuta pumzi. "Nakula mkate na chai saa sita. Nakaa kwenye ngazi za nyumba ninayofanya kazi."

"Ngazi zinatazama wapi?"

"Barabarani. Ngazi za nyumba zinatazama wapi tena?"

"Basi ni njiani," alisema karani, akaandika.

Alirudi nyumbani amefura. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele, hakuhitaji kuuliza. Alimjua kwa mlio wa mlango ukibamizwa.

"Nimekwenda kama shahidi," alisema, "nimerudi kama mshtakiwa. Nimeulizwa habari za mkate wangu, mama watoto! Mkate!"

"Si ulete hao watu wawili mambo yaishe? Kuna mtu hapa asiyekujua?"

Hilo ndilo alilolitegemea. Kesho yake, baada ya adhuhuri, alimfuata imamu wa msikiti wa mtaani. Alikuwa akiswali pale miaka kumi na tisa, na mabomba yote ya kutawadhia aliyaweka yeye kwa ajili ya Mungu. Imamu alimkaribisha barazani, akamsikiliza, akashika ndevu.

"Nakuona, Fundi. Safu ya tatu, upande wa dirisha. Lakini tazkiya ni neno zito. Nitaulizwa: umesafiri naye? Umekaa naye jirani? Umefanya naye biashara? Mimi nakujua kwa mgongo tu, maana nikiswalisha hata uso wako siuoni."

"Sheikh, miaka kumi na tisa!"

"Naweza kuandika kwamba sijui baya lako lolote."

"Basi andika hivyo."

"Nikiandika hivyo hawatakubali. Watasema sijui baya kwa sababu sikujui."

Fundi Koki aliyatazama mabomba aliyoyaweka, sita kwa safu, hakuna hata moja linalodondoka. Ilimjia hamu ya kuyafunga yote na kuondoka na koki mkononi. Aliaga, akaenda zake.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa tayari kula yamini hapohapo, lakini karani alimkataa kwa simu: jamaa wa karibu hafai. Mteja mmoja mzee alikubali, kisha akauliza kama na yeye atatafutiwa watu wa kumshuhudia. Karani alipojibu kwamba inawezekana, mzee akakumbuka kuwa ana miadi ya macho.

Kisha likaja lililomuumiza kweli. Pamoja na tazkiya ya wazi, mahakama ilikuwa na desturi ya kuuliza kwa siri, ili watu waseme bila haya. Mwulizaji wa siri alikuwa ni yule yule karani, safari hii bila kofia. Alipita mtaani siku mbili, akiuliza dukani, kwa kinyozi, kwenye ngazi za ghorofa: "Yule fundi bomba mnamwonaje? Mwaminifu? Hana tatizo?" Hakusema sababu, kwa kuwa ni siri. Mtaa mzima ulimtambua, na kwa kuwa sababu haikusemwa, kila mtu akajitungia ya kwake.

Siku ya tatu mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili, muuza dawa, alifika kwenye chumba chake cha vifaa. Alikuwa mteja wake kwa miaka minane. Alisimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani.

"Fundi, shikamoo kwanza ya kukupotea. Nimefuata funguo zangu."

"Zimepotea zile zako, Mama?"

"Hapana." Alitazama ubao. "Si kwamba nakushuku, wallahi. Ila watu wanaulizauliza. Na mimi nina binti nyumbani. Unajua tena."

Fundi Koki, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa jibu tangu ajue kusema, alizitoa funguo kwenye msumari wa tano, akampa kwa mikono miwili. Mama huyo alipoondoka, Fundi Koki akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama msumari mtupu. Jioni alimwambia mkewe.

"Wameniuliza kama mimi ni mwema, na kwa kuuliza wamenifanya niwe mbaya. Ungenitukana mbele ya watu ningejua la kujibu. Hili ninalijibu vipi? Nitembee mlango kwa mlango niseme sikuiba kitu ambacho hakuna aliyesema nimeiba?"

Mkewe alimsogezea kikombe cha chai. "Usiende tena," alisema. "Mwambie Kadhi umesahau ulichosikia."

"Sijasahau."

"Najua hujasahau. Nasema umwambie."

"Hapo ndipo nitakapokuwa yule wanayemtafuta," alisema, akageukia ukutani.

Ni ukuta huo ndio uliomsaidia. Nyumba yao ilitenganishwa na ya jirani, mlinzi mstaafu wa shule, kwa mbao nyembamba na karatasi. Asubuhi yake mlinzi alibisha hodi, tayari amevaa kanzu.

"Jumatatu nitakwenda na wewe," alisema. "Nimesikia."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwako, jana. Nasikia kila kitu, jirani yangu. Huu ni mwaka wa tisa."

Mke wa Fundi Koki, aliyekuwa anapita na ndoo, akaiweka chini. "Kila kitu?"

"Nisamehe, dada yangu. Yakija mengine, huwasha redio."

Mtu wa pili alikuwa mwenye duka la vifaa vya mabomba, ambaye kila alipotakiwa kumsifu mtu alilalamika badala yake. Alilalamika kwamba Fundi Koki anamsumbua, kwamba mara mbili amerudi dukani jua kali kurudisha viungo vya bomba alivyozidishiwa, na ilimbidi afungue tena boksi lililokwisha fungwa. "Lakini nitakuja," alisema. "Nifunge duka asubuhi nzima kwa ajili yako. Haya."

Jumatatu ikafika. Mwenye duka alisema aliyoyasema, kwa uchungu uleule. Mlinzi mstaafu alipoulizwa anamjua Fundi Koki kwa njia gani, alisimama wima kama yuko langoni.

"Kwa sikio, Mheshimiwa. Anapiga kelele sana. Hugombana na redio. Hugombana na bomba lake mwenyewe. Lakini kwa miaka tisa sijamsikia akimtukana mkewe, wala akiketi kupanga uongo wa kumwambia mteja kesho. Na mtu akipanga uongo, hupanga nyumbani."

Kadhi aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akaandika kwamba shahidi wa kwanza amethibiti. Kuhusu mkate na ngazi, alisema mambo hayo hutazamwa kwa ada ya watu wa zama zao, na fundi kula kazini si aibu. Karani alikata mstari, kwa shingo upande.

Ikabaki zamu ya mpaka rangi. Alikuwa na mtu mmoja tu, mzee wa mtaa wake. Wa pili alikuwa kalazwa tangu juzi. Muuza vipuri akasimama mara moja: shahidi mmoja hatoshi, na huyu wa pili hajakamilika. Mshonaji, aliyekaa nyuma na wanawake wenzake watatu, alifumba macho.

Kadhi alifikiri. Kisha akamgeukia Fundi Koki.

"Wewe umekwisha thibiti. Wapo wanazuoni wanaoruhusu shahidi kumtolea tazkiya mwenzake. Umefanya kazi na huyu?"

"Nimefanya. Miaka sita, hapa na pale. Mara moja tulisafiri pamoja kwenda kazi ya hoteli, siku nne."

"Basi unamjua. Unamshuhudia uadilifu?"

Neno lilikuwa jepesi: ndiyo. Akilisema, darasa linabaki na chumba, kesi inaisha, anarudi kazini. Lakini alikwisha kula kiapo, na lile neno la fundi wa vigae, alilolibeba miaka sita na kuligawa kwa wateja wasiopungua kumi, likamrudia. Aligundua kwamba wiki nzima amekuwa akilia adhaniwe heri, na mtu aliyekaa naye benchi moja hakuwahi kumpa heri hiyo hata siku moja.

"Nimesikia," alisema taratibu, "kwamba anaongeza maji kwenye rangi."

Mpaka rangi aligeuka akamtazama kama aliyemwagiwa kopo zima. Muuza vipuri alikuwa amekwisha simama. "Mheshimiwa! Mwenzake mwenyewe!"

"Umesikia, au umeona?" aliuliza Kadhi.

"Nimesikia, Sheikh. Sikuona. Na nimelisema kwa watu kama niliyeona, na hilo ni kosa langu, si lake. Ukiniuliza nilichokiona: pale hotelini aliona dari imebaki na madoa, akapanda tena siku ya mapumziko, mwenye hoteli hayupo, hakuna aliyemwambia. Nyumbani kwa Bibi, alikuwa haingii chumbani mpaka abishe, hata kama mlango uko wazi. Swala haimpiti, mimi hunipita. Hayo nimeyaona kwa macho."

Kadhi alimtazama mpaka rangi. "Unaongeza maji kwenye rangi?"

"Naongeza, Sheikh!" Mpaka rangi alikuwa karibu kulia kwa hasira. "Naongeza kila siku! Rangi ya mafuta huongezwa thina, rangi ya maji huongezwa maji! Imeandikwa kwenye kopo! Bila maji haipakiki, inakuwa uji! Kipimo kipo, nyuma, kwa herufi nyekundu! Miaka sita nakosa kazi najiuliza nimemkosea nani!"

Mwanamke mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Hata muuza vipuri alitazama sakafu. Karani aliuliza kama aandike habari za thina. Kadhi akamwambia asiandike.

Fundi Koki alikuwa amesimama, masikio yanamwaka. "Namshuhudia," alisema. "Ni mwadilifu. Kwa niliyoyaona mimi, na kwa kopo."

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Chumba cha mbele na choo chake ni wakfu, msimamizi ni mshonaji. Vilivyobaki vya nyumba ni vya mrithi. Muuza vipuri hakukata rufaa. Alipeana mikono na mshonaji, akasema wazi kwamba kama angekuwa na hakika tangu mwanzo asingefika huku. Fundi Koki alitaka kumjibu, na kwa mara ya kwanza akajizuia.

Hakuweza kujizuia kwa Kadhi. Alimngojea koridoni mpaka akatoka na jalada kwapani.

"Sheikh, nikuulize. Wewe mwenyewe ulinishuku?"

"Nilikuamini siku ya kwanza," alisema Kadhi. "Uliposema rangi ya kanga."

"Ah! Basi kwa nini yote haya?"

"Kwa sababu ile dhana nzuri ni yangu, naweza kukupa bure. Robo ya nyumba si yangu. Nisingeweza kumnyang'anya mtu kwa kitu nilichokupa mimi bure."

Fundi Koki alilitafakari, na aliona kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo haukumpoza. "Nimepoteza mteja, Sheikh. Miaka minane. Karani wako alipita mtaani akiuliza kama anatafuta mwizi."

Kadhi alisimama. Hilo hakulijua. Alivua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa umechoka. "Hilo ni kosa letu," alisema. "Kuuliza kuna adabu yake. Nitasema naye." Na alisema naye kweli, maana tangu hapo karani hakutumwa tena peke yake, na alianza kueleza kwamba mtu anaulizwa kwa kuwa ameitwa kutoa ushahidi. Lakini muuza dawa hakurudi. Alipata fundi mwingine, na walipokutana ngazini waliamkiana vizuri, basi.

Mpaka rangi hakumsemesha kwa mwezi mzima. Fundi Koki alizunguka kwa wateja wake mmoja baada ya mwingine, akikatisha kazi, akisema, "Lile nililokwambia juu ya yule bwana, halina msingi, nilikosea," na wengi wao walikuwa hata hawakumbuki. Hilo lilimkera kuliko kama wangekumbuka. Wawili walikumbuka, na mmoja akamwita mpaka rangi kumpakia sebule. Baada ya hapo mpaka rangi akaanza kumwamkia tena, kwa ufupi, huku akishika kopo ili maandishi yatazame nje.

Darasa likaendelea, wanawake kumi na wanne sasa. Na Fundi Koki alidhani amemalizana na ofisi ile, mpaka karani alipompigia simu akiwa tumboni mwa tangi la maji.

"Fundi, jina lako limeingia kwenye orodha ya watu tunaoweza kuwauliza habari za mashahidi. Kuna fundi mwashi mmoja, umewahi kufanya naye kazi. Anahitajika kesi ya mirathi. Unamwonaje?"

"Nimemwona mara moja tu," sauti yake ilivuma ndani ya tangi. "Sijaona baya."

"Hilo halitoshi kisheria."

"Najua halitoshi! Unanifundisha mimi?" Alipiga ukuta wa tangi kwa spana, na karani akasogeza simu mbali na sikio. "Lini kesi yake?"

"Alhamisi."

"Usimwulize mtu mwingine yeyote mtaani kwake. Umenisikia? Usipite dukani, usipite kwa kinyozi. Anajenga uzio kule karibu na shule. Nitakwenda kesho nifanye naye kazi kutwa nzima, nimtazame, kisha nitakwambia."

Akakata simu, akaendelea kusugua tangi huku akimtukana karani peke yake. Kesho yake asubuhi alikwenda.